Kondoo Akichechemea Leo, Mtibu Leo

Mvua ndefu zikianza kunyesha Kinangop, Ol Kalou, Mau Narok na Molo, nyasi huota vizuri na kila mwenye mifugo hufurahi. Lakini mvua hiyo hiyo huleta jambo jingine ambalo wengi wamelizoea hata hawalioni tena. Kondoo mmoja hubaki nyuma ya wenzake akiinua mguu. Baada ya juma moja wamekuwa watatu. Kabla mvua haijakatika, robo ya kundi wanakula wakiwa wamepiga magoti. Mwenye kondoo husema, "Ni tope tu, jua likiwaka watapona."

Yafaa ujue ya kwamba si tope tu. Yule kondoo wa kwanza ndiye anayestahili kukamatwa na kutazamwa siku ile ile, kwa maana yeye ndiye anayewapa wengine ugonjwa. Ukimtibu mmoja mapema, umewakinga ishirini ambao bado hawajaugua. Ukimngojea mpaka mwisho wa mwezi, siku ya kukamata kundi zima, utakuwa na kazi ya kutibu kumi.

HASARA ISIYOONEKANA SOKONI

Kondoo hula kwa miguu yake. Akiumwa hatembei kutafuta nyasi, hulala mapema, na wenzake humtangulia penye majani mazuri. Jike aliyekonda wakati wa kupandwa huenda akashika mimba ya mtoto mmoja mahali pa pacha, au asishike kabisa. Na akiwa na mimba, ambayo huchukua miezi mitano, mwana-kondoo huzaliwa mdogo na hukuta maziwa machache. Kwa kondoo wa manyoya kama Corriedale na Merino, manyoya nayo hudhoofika, uzi ukakatika katikati.

Kondoo dume ni hasara kubwa zaidi. Dume mwenye mguu mbaya wa nyuma hawezi kupanda, na mwenye shamba huenda asitambue mpaka miezi mitano ipite na majike yake yasizae. Basi dume atazamwe miguu yote minne mwezi mmoja na nusu kabla ya kuingizwa kwenye majike, ili kama ana kasoro uwe na muda wa kumtibu au kutafuta mwingine.

Hasara hizi hazionekani kwa sababu kondoo hafi. Ng'ombe akifa mtaa mzima husikia. Kondoo akichechemea miezi miwili, mwenyewe husema tu kwamba mwaka huu kondoo hawakufanya vizuri, na karo ya shule hutafutwa mahali pengine.

KIJIDUDU NDICHO CHENYE MAKOSA

Ugonjwa unaosababisha kuchechemea kwingi katika sehemu zenye baridi na mvua ni ule wa kuoza kwato. Mwaka 1941 mtaalamu mmoja wa Australia, W. I. B. Beveridge, alionyesha wazi ya kwamba ugonjwa huu huambukizwa na bakteria. Siku hizi bakteria huyo huitwa Dichelobacter nodosus. Jina lake si lazima ulishike, lakini tabia zake zishike sana, maana ukizijua utamshinda.

Tabia ya kwanza: nyumba yake ni mguu wa kondoo. Hukaa chini ya ganda la ukwato, mahali pasipoingia hewa. Akianguka nje kwenye nyasi au kwenye udongo hawezi kukaa sana. Kwa kawaida hufa baada ya siku saba hivi, au kumi. Wataalamu husema tuhesabu siku 14 ili tuwe na hakika. Lakini ndani ya mguu wa kondoo asiyetibiwa anaweza kukaa miezi mingi, hata kondoo huyo akionekana amepona wakati wa kiangazi. Mvua zikirudi, ugonjwa hutoka pale pale ulipojificha.

Tabia ya pili: peke yake hapenyi ngozi iliyo kavu na nzima. Anahitaji kufunguliwa mlango, na mlango hufunguliwa na maji na samadi. Ngozi laini iliyo kati ya kwato mbili ikilowa siku nyingi hulainika, kisha bakteria mwingine anayekaa katika mavi ya wanyama huitia wekundu na vidonda. Hapo ndipo yule wa kuoza kwato anapoingia na kuanza kutenganisha ganda na nyama.

Sasa utaelewa kwa nini majirani wawili wanaweza kuchunga kwenye tope lile lile, kondoo wa mmoja wakachechemea na wa mwingine wakatembea vizuri. Tope ni mlango tu. Kama hakuna kondoo mwenye bakteria yule, kundi litapata wekundu kati ya kwato na nchi ikikauka wataendelea vizuri. Kama yupo hata mmoja, tope humsaidia kuwagawia wote.

Katika nchi za ng'ambo zenye baridi kali, ugonjwa husimama wakati wa baridi kwa kuwa hauenei vizuri penye joto chini ya digrii 10. Sisi hatuna bahati hiyo. Hata kwenye nyanda zetu za juu ambako alfajiri jalidi huweza kuanguka, mchana hupata joto la kutosha. Kwa hivyo kwetu ni mvua inayoamua. Na udongo wa Kinangop, kama ujuavyo, sehemu nyingi hushika maji.

MKAMATE, UMTAZAME

Usitibu kondoo kwa kumwangalia ukiwa umesimama kwenye uzio. Mkamate, mkalishe juu ya matako yake, mgongo wake ukiegemea magoti yako, naye atatulia. Anza na mguu mzima ili ujue ulivyo, kisha uende kwenye mguu mbaya. Safisha tope kwa maji na kitambaa. Panua kwato mbili kwa vidole, utazame kati, kisha utazame chini, kisha unuse. Naam, unuse. Pua yako itakusaidia kuliko macho.

Ukiona ngozi kati ya kwato ni nyekundu au nyeupe kama iliyochomwa na maji ya moto, imelowa, lakini ganda la ukwato limeshika vizuri na hakuna uvundo mkubwa, huo ni muwasho wa ngozi tu. Wana-kondoo hupata sana wakipita kwenye nyasi ndefu ya kikuyu yenye umande. Dawa ya kupuliza inatosha, na kama ni wengi, wapitishwe kwenye josho la miguu. Lakini usidharau, maana kuoza kwato nako huanza hivyo hivyo.

Ukiona ganda limeachana na nyama kuanzia upande wa kisigino, ndani mna utando wa kijivu, na harufu ni mbaya mno, hiyo ndiyo kuoza kwato yenyewe. Harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau.

Mguu mmoja tu ukiwa umevimba, una joto, na kondoo hakanyagi kabisa, huenda ni jipu ndani ya ukwato, au mwiba, au jiwe. Tafuta pia kupe. Kupe wakubwa hupenda kujificha kati ya kwato, na mahali walipouma huweza kufanya usaha. Mtoe kupe, upake dawa, na ukumbuke ya kwamba kuogesha kondoo kwa kumwagia mgongoni hakufiki miguuni.

Mwana-kondoo wa siku chache mwenye magoti yaliyovimba ana ugonjwa mwingine kabisa, ulioingia kwa kitovu. Ndiyo sababu kila mwana-kondoo apakwe iodini kitovuni mara azaliwapo, na azaliwe mahali pakavu. Huyu mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi kabla viungo havijaharibika.

Na jambo dogo ambalo huwapotosha wengine: mbele ya kila mguu wa kondoo, juu kidogo ya mahali kwato zinapogawanyika, kuna kitundu chenye nta na pengine nywele. Hicho si kidonda wala hakina mdudu. Mwenyezi Mungu alimuumba kondoo nacho. Usikikamue wala usikikate.

MAGONJWA MAWILI YA KUTANGAZA

Kama kondoo wengi wanachechemea kwa ghafula, katika siku mbili tatu, usikimbilie dawa ya kwato. Fungua midomo yao. Vidonda au malengelenge mdomoni pamoja na mguuni, hasa ikiwa ng'ombe wa jirani wanatokwa na mate, huenda ikawa ni ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa kondoo vidonda vya mdomoni huwa vidogo, hupona upesi, na hupita bila kuonekana. Kwa hivyo kondoo huweza kuusambaza kabla mtu hajashtuka.

Kama uso umevimba, pua inatoa makamasi, mdomo una vidonda, kondoo ana homa, na mahali ganda la ukwato linapokutana na ngozi pamekuwa pekundu, huenda ni ugonjwa wa ulimi wa buluu. Huu hausambazwi kwa miguu bali huletwa na visubi, vijidudu vidogo sana vinavyouma usiku, na huwashika zaidi kondoo wa asili ya Ulaya kuliko kondoo wetu wa kienyeji. Una chanjo, nayo hutengenezwa humu humu nchini na KEVEVAPI. Uliza habari zake kabla ya mvua, maana chanjo haimsaidii kondoo aliyekwisha kuugua.

Kwa magonjwa haya mawili usiuze, usihamishe, wala usipeleke kondoo mnadani. Mwambie Afisa wa Mifugo wa wadi yako siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama inakutaka ufanye hivyo, na jirani yako naye anakutaka ufanye hivyo hata kama hajasema.

WEKA KISU CHINI

Sasa tuje kwenye matibabu ya kuoza kwato, na hapa ndipo wazee wengi watakapobisha.

Katika mashamba makubwa ya zamani, kondoo aliyechechemea alipinduliwa, na ukwato wake ukakatwa mpaka damu ikatoka, ili hewa iingie na dawa ifike. Kazi hiyo watu wengi walijifunza, nao waliwafundisha watoto wao walipopata mashamba yao wenyewe. Mkata kwato hodari alisifiwa. Katika nyumba nyingi kile kisu kilichopinda kingali kinaning'inia ukutani.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha ya kwamba kukata huko huchelewesha kupona. Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kilijaribu jambo hili shambani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kondoo waliodungwa sindano ya dawa ya kuua bakteria na kupuliziwa dawa mguuni, bila kukatwa ukwato, zaidi ya tisa katika kila kumi waliacha kuchechemea ndani ya siku 10. Waliokatwa kwato walichelewa. Sababu si ngumu kuelewa. Ganda likikatwa mpaka kwenye nyama, mguu una jeraha jipya juu ya ugonjwa, na damu hiyo na vipande hivyo vya ukwato vyenye bakteria humwagika pale pale wenzake wanapokanyaga. Kisu nacho huchukua ugonjwa mguu hadi mguu. Tena ukwato uliokatwa kupita kiasi mara nyingi huota nyama nyekundu kwenye ncha, kama tunda la forosadi, na huyo atachechemea siku zake zote.

Kwa hivyo mfanyie hivi. Safisha mguu. Pulizia dawa, ile ya buluu inayouzwa na maduka ya dawa za mifugo, kati ya kwato na juu ya sehemu iliyoachana. Kisha adungwe sindano. Dawa inayotumika sana ni oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Ile yenye miligramu 200 katika kila mililita hutolewa kwa kawaida mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, ndani ya msuli, maana yake jike wa kilo 40 hupata mililita 4. Mwite daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa akuamulie, kwa kuwa yeye ataona kama ni ugonjwa huu kweli. Usikisie uzito kwa kupunguza ili chupa ifike mbali. Dawa ikiwa pungufu bakteria hawafi, bali huizoea.

Soma kwenye chupa ni siku ngapi zinatakiwa kupita kabla ya kuchinja. Ziandike ukutani pamoja na namba ya kondoo. Nyama yenye dawa usiwauzie watu.

Mtie rangi mgongoni ili umtambue, umweke mbali na wenzake mahali pakavu, na umtazame tena siku ya tano. Wengi utawakuta wanatembea. Asiyepata nafuu baada ya siku 10 amwone daktari. Huenda ana jipu ndani au ni ugonjwa mwingine.

Je, kisu kisitumike kabisa? Kwato zikirefuka na kupinda hata kondoo hatembei vizuri, zipunguze, lakini baada ya mguu kupona, kondoo akiwa mzima. Kata ncha iliyozidi tu, na ukiona rangi ya waridi simama. Damu isitoke hata tone. Kati ya kondoo mmoja na mwingine chovya kisu katika dawa ya kuua vijidudu. Vipande vyote vikusanywe kwenye gunia na vichomwe moto, maana ndani ya kipande cha ukwato bakteria huweza kukaa majuma kadhaa, kuliko anavyokaa kwenye nyasi. Ile desturi ya kukata kwato za kundi zima kila mwaka, wazima na wagonjwa, haifai. Hutumia siku nzima ya kazi na haizuii ugonjwa.

SIKU TATU, SI MWEZI

Dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni haraka. Wakulima waliofaulu kupunguza ugonjwa huu ni wale wanaomtibu kila anayechechemea ndani ya siku tatu tangu aonekane, hata akiwa mmoja peke yake. Mwenye kondoo mia tano huona ni taabu kukamata mmoja. Lakini wewe mwenye kondoo 15 au 20 huna taabu hiyo. Unawafungulia boma kila asubuhi na unawajua wote. Simama mlangoni watokapo. Kondoo anayetikisa kichwa kila akanyagapo, au anayechukua hatua fupi kuliko wenziwe, huyo mkamate kabla ya chai. Mtoto anayechunga baada ya shule mfundishe kutazama hivyo hivyo.

BOMA NA MALISHO

Tazama mahali kondoo wanapokusanyika: lango la boma, penye maji, penye jiwe la chumvi. Hapo ndipo tope na mavi huwa mengi, na kila mguu hukanyaga ulipokanyaga mwingine. Chimba mfereji maji yapite. Mwaga changarawe. Jiwe la chumvi na chombo cha maji vihamishwe kila baada ya siku chache. Chokaa ikinyunyizwa hukausha. Ndani ya boma tandika majani makavu na uyaongeze kabla hayajalowa, au jenga sakafu ya mbao iliyoinuliwa yenye nafasi za kupitisha mavi. Sakafu hiyo ni gharama, lakini samadi yake ni safi kwa shamba la viazi na kabeji, na wengi waliojenga hawarudi kwenye boma la udongo.

Kisha habari ya malisho. Serikali ilipoanza mwaka 1962 mpango wa kununua ekari milioni moja na kuzigawa kwa wakulima, kondoo waliozoea kuhamishwa uwanja hadi uwanja waliingia katika viwanja vidogo. Tangu hapo baba wengi wamewagawia wana, na ekari zimezidi kupungua. Wengine hudhani kwa hivyo haiwezekani kupumzisha malisho. Sivyo. Kumbuka ya kwamba bakteria hafiki majuma mawili nje ya mguu wa kondoo. Huhitaji shamba kubwa. Unahitaji siku 14 tu.

Chukua mfano wa mwenye ekari tatu za nyasi. Azigawe kwa uzio hata wa matawi katika sehemu tatu. Siku wagonjwa wanapotibiwa na kutengwa, wazima wapite kwenye josho la miguu na waende sehemu ya kwanza, ambayo kondoo yeyote hajaikanyaga kwa siku 14. Wakae huko juma moja, kisha sehemu ya pili, kisha ya tatu. Watakaporudi sehemu ya kwanza siku 14 zitakuwa zimepita tena. Wagonjwa wakatiwe nyasi bomani. Ng'ombe wanaweza kufuata nyuma kula mabaki. Nao huweza kuwa na bakteria huyo, ingawa mara nyingi huwa ni aina isiyo kali. Mbuzi wahesabu kama kondoo, maana nao huugua. Na kama umevuna viazi au ngano, shamba lililobaki na mabua ni mahali pazuri pa kupeleka kundi lililotoka kutibiwa.

JOSHO LA MIGUU

Dawa nzuri ya josho hili ni salfeti ya zinki, kilo 10 katika lita 100 za maji, au kilo 2 katika mtungi wa lita 20. Haichomi wala haina moshi mkali. Kwa kondoo wachache tengeneza sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 15, ulitandike plastiki nzito, utie dawa mpaka ifunike kwato zote. Wazima wasimame dakika mbili tatu. Wenye ugonjwa wasimame robo saa au nusu saa. Waoshe miguu kwanza kwa maji, kwa sababu tope humaliza nguvu ya dawa. Wakitoka wakae saa nzima mahali pakavu pagumu kabla ya kurudi kwenye nyasi, la sivyo umande utaosha kazi yako yote.

Fomalini ni rahisi, nayo huua, lakini iangalie. Lita 3 za fomalini ya dukani katika lita 97 za maji zinatosha. Wengine huongeza wakidhani itaponya upesi. Ikizidi sehemu 5 katika mia huunguza ngozi, na kondoo akiumizwa mara moja hataingia tena joshoni. Moshi wake una madhara kwa mapafu na macho ya watu, kwa hivyo itumie nje penye upepo, vaa glavu, na watoto wasiwe karibu. Kondoo wenye vidonda vilivyo wazi usiwapitishe humo.

Mrututu ulitumika sana zamani, kilo 5 katika lita 100. Unafaa kwa kwato, lakini una shaba, na kondoo ni mnyama anayedhurika na shaba upesi kuliko wengine. Wakiwa na kiu watakunywa na watakufa. Ukiutumia, wanyweshe maji kwanza. Hutia manyoya madoa pia, na hula vyombo vya chuma. Kama zinki inapatikana, chukua zinki.

UGONJWA HUNUNULIWA

Kundi lisilo na ugonjwa huu haliupati kutoka mbinguni. Huletwa na kondoo aliyenunuliwa mnadani, au na dume aliyeazimwa. Desturi ya kuazimana dume ni njema kati ya majirani, wala hatusemi iachwe. Lakini dume apinduliwe mbele ya wote wawili, miguu minne itazamwe, asiwe na uvundo wala ganda lililoachana. Mwenye dume asione haya wala asikasirike. Akirudi, naye amtazame vivyo hivyo.

Kondoo wa kununua mtazame miguu kabla hujatoa pesa. Mwenye kwato zilizopotoka na zilizokatwa sana ana historia. Dai kibali cha kusafirisha mifugo. Ukifika nyumbani mweke peke yake siku 28, mpitishe kwenye josho la miguu siku ya kwanza na tena kabla ya kumchanganya na wengine.

Wako pia kondoo ambao hupona na kuugua, kupona na kuugua. Andika. Daftari ya shilingi chache yatosha: namba, tarehe, mguu gani. Aliyechechemea zaidi ya mara mbili katika mwaka auzwe kwa mchinjaji, siku za dawa zikiisha. Usimpeleke mnadani kwa mkulima mwenzako. Na mtoto wake wa kiume usimfanye dume wa kundi, kwa kuwa udhaifu wa miguu hurithiwa kwa kiasi fulani. Katika aina za kondoo, Merino ndiye anayeshikwa vibaya zaidi na ugonjwa huu.

KAZI YA JANUARI NA FEBRUARI

Wakati mzuri wa kuufuta ugonjwa shambani si wakati wa mvua. Ni Januari na Februari, nchi ikiwa kavu na ugonjwa hauenei. Wakati huo pindua kila kondoo, hata yule anayetembea vizuri, utazame chini ya kila ukwato. Wale wawili watatu utakaowakuta na ganda lililoachana na harufu ile ndio waliokuwa wakihifadhi ugonjwa mpaka mvua. Watibu na uwatenge. Wasiopona kabla ya Machi wauze kwa mchinjaji. Nchini Australia wakulima wengi waliumaliza kabisa katika makundi yao kwa njia hii, na makundi yao yalikuwa na kondoo maelfu.

Majirani wakifanya pamoja katika juma moja ni bora zaidi, hasa wale wanaotumia bwawa moja au njia moja ya kwenda joshoni. Maji ya josho la miguu yakiisha kazi yamwagwe katika shimo lililochimbwa mbali na kisima, mto na bwawa, mahali ambapo kuku, mbwa na watoto hawafiki, kisha shimo lifukiwe.